Kabla ya Kununua Nyumba, Litazame Jua

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama mjini Homa Bay. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa Migori, Rongo, Awendo, Mbita na Oyugis ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kununua nyumba. Najua wengi wenu mlitazamia nitasema habari za hati, mawakili na riba ya mikopo. Hayo ni mambo makubwa, na mtu asitoe hata shilingi moja kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kuyakinisha mwenye mali ni nani. Lakini hayo yamekwisha semwa mara nyingi katika mikutano yetu. Mimi nataka kusema jambo ambalo sijapata kulisikia mkutanoni hata siku moja, nalo ni jua.

Msicheke. Jua limenigharimu mimi kuliko wakili.

Wengi mnanijua. Kazi yangu ni ya boila katika kiwanda cha sukari, na nusu ya maisha yangu nimefanya zamu ya usiku. Mwaka 2014 nilipata mkopo wa SACCO, nikatwe mshahara kwa miaka sita, nikaenda kununua nyumba katika mji mmoja mdogo wa Migori. Ilikuwa nyumba nzuri machoni: kuta za mawe, vyumba vitatu, mabati mapya ya rangi ya damu ya mzee, ploti ya 50 kwa 100. Mwenye kuuza alinipeleka kuiona saa tatu asubuhi. Ndani palikuwa baridi, pazia likipepea. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Sikurudi kuitazama tena mpaka siku ya kuhamia.

Juma la kwanza nilikuwa zamu ya usiku. Nilifika nyumbani asubuhi, nikalala. Kufika saa tano mabati yalianza kulia, ta, ta, ta, kwa kutanuka, nami nikaamka shuka limelowa jasho. Nikasema labda ni siku hiyo tu. Jioni jua likaingia katika dirisha la chumba cha kulala, likakaa juu ya kitanda mpaka lilipozama. Saa nne ya usiku niliuwekea mkono ukuta wa chumba kile. Ulikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni.

Mtoto wetu mdogo hakuweza kulala ndani ya chandarua. Kila usiku alikitupa, mama yake akakirudisha, naye akakitupa tena. Mwaka ule aliugua malaria mara mbili. Na mimi mwenyewe, kwa kukosa usingizi wa mchana, usiku mmoja nilisinzia mbele ya boila. Mwenzangu alinitikisa bega kabla mshale wa kipimo cha mvuke haujafika mahali pabaya. Hakuna aliyeumia, lakini nilipewa barua ya onyo, na barua ile nilistahili.

Ndugu zangu, yule mwenye kuuza hakunidanganya hata neno moja. Hakusema nyumba ile haina joto. Mimi sikuuliza, na saa niliyokwenda kuitazama haikuwa saa ya kuuliza. Nilinunua nyumba ya saa tatu asubuhi, nikaenda kukaa katika nyumba ya saa kumi alasiri.

JUA LETU LINAVYOKWENDA

Sasa tulifuate jua kama tunavyolifuata hesabu ya mshahara, hatua kwa hatua.

Homa Bay iko kusini ya ikweta kwa nusu digrii tu, na mji wa Migori kwa digrii moja na kidogo. Maana yake ni kwamba kwetu jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Tangu mwisho wa Septemba mpaka Machi hupita upande wa kusini. Karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 23 Septemba hupita juu ya utosi, na mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Hata mwezi wa Juni au Desemba, linapokwenda mbali kabisa, adhuhuri bado liko juu sana.

Basi kitabu cha Uingereza kikikuambia dirisha zuri ni la kusini, usikifuate, kwa kuwa wale wanalitafuta jua na sisi tunalikimbia. Wala usifuate sana desturi ya Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na mwezi wa Julai watu huko huvaa makoti. Maji ya ziwa letu yako karibu mita 1,134. Kwa kushuka huko peke yake joto huzidi kiasi cha digrii nne.

Jambo jingine: kwetu jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Saa ya Kenya imepimwa kwa mstari wa digrii 45 za mashariki, na sisi tuko karibu na digrii 34 na nusu. Kwa hiyo adhuhuri yetu ya kweli ni kama saa saba kasorobo. Joto kubwa kwetu huja saa tisa na saa kumi, na saa kumi na moja na nusu jua bado lina nguvu.

UKUTA WA MAGHARIBI

Katika Kijaluo twasema wuok chieng' na podho chieng', yaani jua litokako na jua liangukako. Mnunuzi akumbuke sana pale liangukako.

Ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini ni rahisi kuulinda. Jua la adhuhuri, kwa kuwa liko juu, huzuiwa na upenu wa paa. Hesabu yake ni hii: mwezi wa Juni, hapa Homa Bay, upenu wa futi mbili hutia kivuli futi nne na nusu za ukuta wa kaskazini wakati wa adhuhuri. Dirisha karibu lote hupona. Asubuhi na jioni jua huupitia ukuta ule kwa upande upande tu.

Lakini ukuta wa magharibi hupigwa na jua lililoinama. Mwezi wa Machi, karibu saa kumi na moja kasorobo, upenu ule ule wa futi mbili hutia kivuli futi moja na kidogo tu. Saa moja baadaye haufiki hata futi hiyo. Upenu hauna msaada hapo, kwa sababu jua haliji kutoka juu, laja mbele ya uso.

Ukuta wa mashariki nao hupigwa namna hiyo hiyo asubuhi. Kwa nini basi sisemi ukuta wa mashariki ni mbaya? Kwa sababu asubuhi nyumba imepoa usiku kucha na hewa ni baridi. Jua la asubuhi hukausha unyevu, na kufika adhuhuri limekwisha uacha ukuta ule. Jua la jioni huukuta ukuta umekwisha pata joto la mchana, huongeza moto juu ya moto.

Tena ukuta wa mawe au wa matofali mazito haupitishi joto mara moja. Hulimeza polepole, na huchukua saa kadhaa kulitoa upande wa ndani. Joto lililoingia nje saa kumi na moja jioni hufika kitandani saa nne au saa tano ya usiku, hasa wakati mtu anapotaka kulala. Ndivyo ulivyokuwa ule mkate wangu. Ukuta wa mabati hupata moto upesi na kupoa upesi, na wa udongo mnene huenda polepole kama wa mawe. Mawe si kosa, kosa ni kuwapa mawe jua la jioni na kisha kulala nyuma yake.

PAA NDILO LA KWANZA

Mtu aishiye karibu na ikweta hupigwa na jua juu ya paa kuliko ukuta wo wote. Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba ya nyasi ilikuwa na paa nene lisilopitisha joto, na upenu mpana uliofunika ukuta. Sisi tulipohamia mabati tulipata paa la kudumu lisilovuja, lakini tuliacha kivuli nyuma.

Mabati peke yake, bila dari, ni kama kufunikwa na sufuria. Mnunuzi aangalie mambo matatu. La kwanza ni rangi. Rangi ya makaa, ya damu ya mzee na kutu hunywa joto, na rangi nyeupe au hafifu hulirudisha. La pili ni dari, ile mafundi waiitayo silingi. Bila dari bati humtazama mtu uso kwa uso. La tatu ni matundu ya hewa kati ya dari na mabati, katika kuta za vichwani mwa nyumba. Hewa moto isipopata njia ya kutokea, dari nayo hupata moto na kuutoa chini.

Kwa wale wanaotaka nyumba za ghorofa, jambo ni lile lile. Chumba cha orofa ya juu kabisa hubeba paa. Chumba cha mwisho upande wa magharibi hubeba jua la jioni. Aliyepata cha juu na cha magharibi pamoja amebeba yote mawili, na bei yake ingepaswa kupungua.

UPEPO, ZIWA NA MBU

Sisi tulio karibu na ziwa tuna baraka moja. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku hugeuka, ukatoka barani kwenda ziwani. Lakini upepo hauingii chumba chenye dirisha moja. Lazima upate pa kutokea. Chumba kiwe na madirisha katika kuta mbili, au dirisha na tundu kubwa la hewa juu ya mlango.

Jihadharini na mandhari. Kule Sindo, na kule Muhuru upande wa Migori, ziwa liko magharibi. Mwenye kuuza atakuonyesha dirisha kubwa la kutazama maji, na kweli machweo yake hupendeza. Lakini dirisha hilo ndilo mlango wa jua la jioni, na maji nayo hurudisha mng'ao machoni.

Tena kaunti hizi mbili zina malaria nyingi. Ndiyo maana chanjo ya malaria kwa watoto ilianza kutolewa Kenya hapa kwetu Ndhiwa, Septemba 2019. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa uwazi ulio kati ya ukuta na paa, na wengine huuziba kabisa kwa saruji. Hapo mbu hupungua na joto huzidi, mtoto akatupa chandarua, na faida yote imepotea. Dawa ni wavu wa waya. Tundu libaki, hewa ipite, mbu abaki nje. Nyumba yenye joto na chandarua havikai pamoja, nami nimelijua hilo kwa mtoto wangu.

UENDAPO KUITAZAMA NYUMBA

Haya ndiyo maswali ya kwenda nayo. Yakateni karatasi hii myaweke mfukoni.

1. Nenda mara mbili. Mara ya pili iwe kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, siku ya jua kali, si siku ya mawingu.

2. Jua pande zako. Ukifika jioni jua lenyewe litakuonyesha, na simu nyingi zina dira. Palipo na msikiti, kama ule wa zamani wa Kendu Bay, kibla cha huku huelekea karibu na kaskazini.

3. Kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Barabara kuu itokayo Rongo kupita Awendo na Migori mpaka Isebania kwa jumla hushuka kusini, basi nyumba nyingi ziitazamazo hutazama mashariki au magharibi. Usikubali uso wa nyumba kwa sababu tu umeelekea barabara.

4. Uliza kuna chumba gani upande wa magharibi. Choo, stoo na jiko vikae huko. Kitanda kikae mashariki.

5. Uwekee mkono ukuta wa magharibi upande wa ndani. Kisha simama chini ya paa dakika kumi, mlango umefungwa, usiseme neno. Mwili wako utakujibu.

6. Angalia upenu, dari, matundu ya hewa, na kama kuna mti wa kivuli au nafasi ya kuupanda.

KWA ALIYEKWISHA NUNUA

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu hulelewa. Mimi sikuiuza nyumba yangu. Nilianza na paa: nilitia dari na kutoboa matundu ya hewa yenye wavu, na baada ya mwaka nikapaka mabati rangi nyeupe. Kisha nilijenga kibaraza upande wa magharibi, nikapandisha karakara juu ya waya mbele yake ili majani yalizuie jua lililoinama. Nilipanda mwembe, hatua za kutosha mbali na msingi. Mwisho nilihamisha kitanda, na hilo halikugharimu kitu. Nilikuwa nimelala chumba kibaya miaka miwili, na chumba chema cha mashariki nilikuwa nimeweka viti vya wageni!

Leo mwembe umelipita paa. Nalala mchana. Lakini fedha nilizotumia kutengeneza ningalizitumia kulipa karo, na barua ile ya onyo bado imo katika faili langu.

JAMBO HILI NI LA CHAMA

Mtu asiseme haya ni mambo ya nyumbani, si ya chama. Nyumba ni dai la zamani la wafanya kazi wa Kenya. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mtu mseja, ikashauri upimwe kwa mtu na jamaa yake, pamoja na gharama ya nyumba. Wakati huo Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Rusinga, alikuwa akiliongoza shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya nyumba ya kufaa, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha za kodi ya kutosha.

Tena tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wetu hukatwa kila mwezi, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Aliyetoa fedha ana haki ya kuuliza. Wananchi wakiitwa kutoa maoni juu ya nyumba zitakazojengwa katika kaunti zetu, tusiende kuuliza bei tu. Tuulize: jengo limelala upande gani? Ukuta wa magharibi una nini? Juu ya orofa ya mwisho kuna nini? Kugeuza mchoro kabla ya kuchimba msingi ni kazi ya kalamu. Kugeuza nyumba baadaye hakuwezekani.

Na katika mikataba yetu na waajiri, palipo na nyumba za wafanya kazi, tutake dari na kibaraza kama tunavyotaka maji na choo. Hasa kwa watu wa zamu ya usiku. Mtu asiyelala mchana ni hatari kwake na kwa mwenzake. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kupita miaka yote iliyopata kupimwa duniani, na nyumba tunayonunua leo tutaikalia miaka thelathini.

 

MASWALI

Dada mmoja wa hospitali aliuliza: "Mimi sinunui, napanga chumba kimoja katika nyumba za mstari. Nifanyeje?"

Jibu: Dada yangu, wewe una nafasi kuliko mimi, maana unaweza kuhama. Vyumba vya katikati hufunikwa na jirani pande mbili, kile cha mwisho upande wa magharibi hakina wa kumkinga. Kama huwezi kuhama, tundika mkeka nje ya dirisha, si ndani, kwa sababu joto likishapita kioo limekwisha ingia. Na wapangaji wote pamoja mwombeni mwenye nyumba awatilie dari. Akiombwa na mmoja atasema hama.

Mzee mmoja aliuliza: "Kwa desturi yetu nyumba kubwa hutazama lango la boma. Lango likiwa magharibi, unataka tuvunje desturi?"

Jibu: La, Baba. Lango lichaguliwe kwanza, kabla nyumba haijajengwa, na jua litazamwe siku hiyo hiyo. Lango likiwa halina budi kuwa magharibi, mlango na utazame lango, lakini mlango uwekwe katika ukuta mfupi wenye kibaraza kipana, kuta ndefu zibaki kaskazini na kusini. Desturi imetuambia mlango utazame wapi. Kitanda imetuachia wenyewe.